Ndege Kileleni mwa Taji

Kazi ya shanga ya Wayoruba wa Nigeria yataka kutazamwa kuanzia juu kushuka chini. Taji la mfalme, ambalo wenyewe huliita ade, lina umbo la pia: ni pana linapokaa kichwani, kisha linapungua na kupungua hadi ncha, na kwenye ncha hiyo ametua ndege. Chini yake mara nyingi huwapo ndege wengine, wadogo kuliko yeye, wamejipanga ubavuni mwa taji wakielekea juu. Chini ya ndege kuna nyuso za watu zilizotokeza, zenye macho makubwa yasiyopepesa. Na chini kabisa, ukingoni, zinaning'inia nyuzi za shanga zinazoufunika uso wa anayelivaa. Hakuna mahali palipopakwa rangi. Mboni ya jicho, bawa la ndege, mistari ya shavuni, vyote ni vipande vidogo vya kioo vilivyotungwa na kushonwa kwa mkono.

Kwa miaka mingi vitabu vililiweka taji hili katika fungu la mavazi, pamoja na viatu na mikanda, huku heshima ya sanaa ya uchongaji ikipewa mti, shaba na jiwe. Mimi nalihesabu miongoni mwa sanamu kubwa zilizowahi kutoka katika bara letu. Mchongaji wa mti huanza na gogo, na umbo tayari limo ndani likilingoja panga lake. Mtunga shanga hana gogo. Ana njiti, kitambaa, wanga, uzi, sindano na vitu vidogo visivyo na umbo la maana kimoja kimoja, na kutoka hapo anatakiwa asimamishe ukoo mzima wa kifalme, na juu yake aweke kiumbe anayeruka.

Nimechagua jumba moja la kifalme ili tusizungumze hewani. Mji wa Ikere uko Ekiti, kusini-magharibi mwa Nigeria, na mfalme wake huitwa Ogoga. Kuanzia mwaka 1890 hadi 1928 alitawala Ogoga Onijagbo Obasoro Alowolodu. Alikuwa mfalme aliyejua kuchagua mafundi. Taji lake moja la shanga sasa limo katika Brooklyn Museum, New York. Nguzo ya ukumbi wake iko Chicago, katika Art Institute. Milango yake ya mti iko London: mwaka 1924 ilipelekwa Wembley kwenye Maonyesho ya Dola ya Uingereza, British Museum ikaitamani, na Ogoga akakubali kuiachia kwa kubadilishana na kiti cha enzi kilichotengenezwa Uingereza. Milango na nguzo ni kazi ya Olowe wa Ise, mchongaji ambaye kwa maoni yangu hakuna aliyemzidi katika Afrika ya karne ya 20. Basi nyumba ya mfalme mmoja imetawanyika katika miji mitatu ng'ambo ya bahari, na ukitaka kuliona taji likiwa kazini, huna budi kuviunganisha vipande hivyo akilini.

Anza na nguzo ya Chicago. Ilichongwa kati ya 1910 na 1914, ina urefu wa zaidi kidogo ya mita moja na nusu. Ogoga ameketi. Kichwani amevaa taji la pia, na juu ya taji yupo ndege. Nyuma yake amesimama mke wake mkubwa, mikono yake imeshika mgongo wa kiti, naye amemzidi mfalme kwa kimo mbali sana. Mgeni anaweza kudhani fundi amekosea vipimo. Hakukosea. Katika majumba hayo ya kifalme, anayemvika mfalme taji ni mwanamke, tena humvika akiwa nyuma yake, kwa sababu mfalme haruhusiwi kuona ndani ya taji lake mwenyewe. Olowe ameweka katika mti kile ambacho mtunga shanga ameweka katika ndege: mfalme ameketi, lakini kinachomketisha kiko nyuma yake na juu yake.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Fundi huanza na mifupa ya taji. Hukusanya njiti imara za makuti au fito laini, akazisuka na kuzifunga hadi ziwe tenga lenye umbo la pia. Juu ya tenga hutandaza kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kile ambacho madukani kwetu huitwa marekani, kikiwa kimelowa wanga. Kitambaa hukauka na kukazana na njiti, na uso wa taji ukawa mgumu wenye kupokea sindano. Hapo ndipo huingia uchongaji hasa. Fundi huchukua vipande vya kitambaa, akavitumbukiza katika wanga, akavikunja, akavibonyeza, akaviweka kimoja juu ya kingine hadi pua ikainuka, midomo ikafumba, kope zikaviringana. Hii ni kazi ya vidole peke yake. Wanga ukishakauka, kosa halirudi nyuma. Pua iliyopinda itabaki imepinda chini ya shanga hata zikiwa nzuri vipi, kwa kuwa kioo hufuata kila tuta na kila bonde la kitambaa na kukionyesha zaidi kuliko kukificha.

Ndege hutengenezwa mbali na taji. Mwili wake ni kitambaa kilichoshindiliwa na kushonwa, mkia na mabawa vikapewa ugumu wa njiti au nguo iliyopigwa wanga. Nitamrudia.

Kisha shanga. Fundi hazishoni moja moja. Hutunga uzi wenye shanga za rangi moja, urefu kiasi cha nafasi anayotaka kuijaza, akaulaza juu ya kitambaa, halafu kwa sindano nyingine na uzi mwingine akapita juu ya ule wa kwanza kila baada ya shanga chache, akiubana. Uzi wa pili hulazwa ubavuni mwa wa kwanza, na wa tatu ubavuni mwa wa pili, jinsi mshonaji wa mkeka anavyounga ukili kwa ukili. Ukilitazama taji kwa karibu utaiona mistari hiyo ikitembea. Kwenye sehemu tambarare inakwenda sawasawa. Ikifika shavuni inapinda, inazunguka jicho duru baada ya duru, inashuka pembeni mwa pua, inapanda kwenye paji. Mwelekeo wa mistari ndio unaoupa uso uhai. Fundi dhaifu hujaza nafasi tu. Fundi aliyeiva huifanya mistari ifuate nyama ya uso, hivi kwamba mwanga unapoanguka, shanga za upande mmoja wa shavu hung'aa na za upande wa pili huzimika, na uso hugeuka pamoja nawe unapopita.

Hapa ndipo uvumilivu unapodaiwa, na si uvumilivu wa saa nyingi pekee. Shanga za kioo hazilingani. Katika shada moja utapata nene na nyembamba, yenye tundu pana na yenye tundu lililoziba nusu. Ukizitunga ovyo, mstari hupanda na kushuka, na mstari ukishapinda mmoja, kumi inayofuata huurithi upindo huo. Kwa hiyo fundi huchagua. Nyembamba huziweka ndani ya kona, nene huzipeleka kwenye mgongo wa tao. Uchaguzi huu hauonekani kwa mtazamaji. Unaonekana ukikosekana.

Shanga zenyewe zilikuwa na safari ndefu. Nyingi zilizotumika tangu karne ya 19 zilitoka Venice na Bohemia. Huko Venice kioo kilichoyeyuka kilipulizwa kuwa puto nene, kisha wanaume wawili wakalishika ncha mbili na kukimbia kila mmoja upande wake, wakilivuta hadi likawa mrija mwembamba wa makumi ya mita, na tundu likabaki katikati mwake mwanzo hadi mwisho. Mrija ulikatwa vipande vidogo, vipande vikazungushwa katika moto hadi makali yakalainika. Baadaye wanawake wa mji huo, wakiitwa impiraresse, walikaa vibarazani na kuzitunga katika nyuzi, wakishika sindano nyingi kwa wakati mmoja na kuzichovya katika sinia lililojaa shanga. Mashada ya aina hiyo yaliletwa kwa meli pwani ya Guinea, na mengine ya jamaa yake yakaletwa Unguja, yakaingia bara kwenye vichwa vya wapagazi. Wafanyabiashara wa misafara ya Tabora na Ujiji walijua vizuri kwamba kila nchi ilitaka rangi yake. Mzigo wa rangi isiyopendwa haukununua hata kuku. Mikono ya mwanamke wa Venice ilizitunga shanga, na mikono ya fundi wa Ekiti ikazifungua na kuzitunga upya.

Ila lisidhaniwe kwamba taji la shanga lilizaliwa siku meli za Ulaya zilipotia nanga. Katika kichaka cha Igbo Olokun, mjini Ife, mwanaakiolojia Abidemi Babatunde Babalola na wenzake walifukua zaidi ya shanga 12,000 za kioo pamoja na mabaki ya karakana. Uchunguzi wa madini ya kioo hicho umeonyesha kwamba kilitengenezwa hapo hapo, kwa mapishi ya wenyeji, kati ya karne ya 11 na ya 15. Kichaka kinabeba jina la Olokun, mungu wa bahari, ambaye Wayoruba humtaja kuwa mwenye shanga zote. Na mwaka 1938, wachimba msingi wa nyumba katika boma la Wunmonije, Ife hiyo hiyo, walikutana na vichwa vya shaba vya kale ambavyo leo vinajulikana duniani kote. Kimojawapo kimevikwa taji, na mfua shaba ameionyesha shanga moja baada ya nyingine, safu kwa safu. Vingine vina vitundu vidogo vinavyozunguka mdomo na mashavu, na wataalamu kadhaa wamefikiri kwamba humo zilifungwa nyuzi za shanga zenye kuufunika uso. Kioo kilibadilika, umbo la taji likabadilika, lakini shanga hazikubanduka kichwani mwa mfalme.

Kuhusu rangi, ingefaa tusome kitabu kizima, lakini nitasema kidogo tu. Wayoruba huzigawa rangi katika makundi matatu: funfun, yaani nyeupe na jamaa zake za fedha na kijivu cha baridi, pupa, nyekundu na manjano na rangi za joto, dudu, nyeusi, na humo huingia buluu nzito na kijani kibichi. Kwao rangi ina halijoto. Nyeupe hutuliza, nyekundu huchemsha. Basi fundi anapoiweka nyekundu, huitafutia nyeupe ya kuipoza pembeni, na buluu ya kuishikilia. Mataji mengi ya kale ya Ekiti, hata yenye rangi kumi, hayapigi kelele. Nadhani siri yake ni hiyo, kwamba rangi zilipangwa na mtu anayefikiria tabia, wala si mtu anayefikiria mapambo.

Sasa turudi kwa ndege, kwa maana ndiye aliyenivuta.

Masimulizi ya Ife yanasema kwamba hapo mwanzo chini kulikuwa na maji matupu. Oduduwa alishuka kutoka mbinguni kwa mnyororo, akiwa na udongo na kuku mwenye vidole vitano. Akaumwaga udongo juu ya maji, akamwachia kuku, na kuku akaparura, akausambaza udongo huku na huku hadi ukawa nchi kavu. Wafalme wenye haki ya kuvaa taji lenye nyuzi za usoni hujitaja kuwa ni wazao wa huyo Oduduwa. Masimulizi mengi huhesabu watoto 16 waliotawanyika kutoka Ife kila mmoja na taji lake. Kwa hiyo ndege yumo katika nasaba kabla hata mfalme wa kwanza hajaketi. Baba alileta udongo, na ndege akaufanya nchi.

Kuna maana ya pili, nzito zaidi. Wayoruba husema awon iya wa, mama zetu, wakiwakusudia wanawake wazee wenye uwezo wa siri, wa kuzalisha na wa kuzuia uzazi, wa kujenga mji na wa kuubomoa. Mama hao inaaminika huweza kugeuka ndege na kuruka usiku. Mfalme hatawali bila ridhaa yao. Ndege wa kileleni, kwa tafsiri waliyopewa watafiti wengi na wenyeji, ni wao: wanamlinda, na pia wanamchunga. Wapo pia wanaomwita okin, ndege wa kifalme mwenye mkia mrefu mweupe anayehesabiwa mkuu wa ndege wote. Tafsiri hizi hazigombani. Ndege mmoja wa shanga, mrefu kiasi cha kiganja, ana nafasi ya kumbeba kuku wa mwanzo wa dunia, bibi mzaa babu, na mfalme wa angani.

Kwa fundi, hata hivyo, maana yote hiyo ni deni. Lazima ailipe kwa sindano. Na ndege wa shanga ni mtihani mgumu kuliko uso. Kioo ni kizito. Ndege halisi anasifiwa kwa wepesi wake, mifupa iliyo wazi ndani, unyoya usio na uzani. Fundi anatakiwa kuutoa wepesi katika kitu kilicho kinyume chake kabisa, naye hana hila ya kumning'iniza kwa uzi. Ndege lazima akae imara juu ya taji litakalotikisika mfalme anapotembea, anaposhuka kwenye farasi, anapocheza ngoma.

Kadiri ninavyozitazama kazi hizi ndivyo ninavyoona kwamba suluhisho lao liko katika mistari. Shingoni mwa ndege nyuzi huzunguka, duru fupi zilizobanana, na shingo ikawa na nguvu ya kitu kinachojinyoosha. Mgongoni mistari huacha kuzunguka, ikakimbia kwa urefu kuelekea mkiani, na jicho la mtazamaji hukimbia nayo. Kwenye bawa rangi hubadilishwa kwa vipande vikali, nyeupe ikikatwa na buluu, buluu na nyekundu, nyekundu tena na nyeupe, hata bawa lililotulia likaonekana limepigwa sasa hivi. Mkia huachwa utokeze nyuma ya ukingo wa taji, hewani, pasipo na kitu chini yake. Hapo pia fundi hucheza na uzito: sehemu inayotokeza huifanya nyembamba, na shanga zake zikawa ndogo.

Tena upo ujanja wa mpango mzima. Ndege wadogo wa ubavuni hawatazami watu walio mbele ya mfalme. Wanatazama juu. Umbo la pia linawabana kadiri wanavyopanda, nafasi inapungua, rangi zinakaribiana, na mwishoni wote wanamwachia mmoja. Taji zima limefanywa kuwa ardhi ya kurukia. Olowe, kwa panga na patasi, aliujua ujanja huo huo. Ndege wa nguzo yake ameinama, na mdomo wake umegusa ncha ya taji. Lakini katika mti mwendo huo unasimama mahali pamoja. Katika shanga, kwa sababu ya mwanga, haukomi.

Chini ya ndege ziko nyuso, na hizo ni familia. Wengine husema ni uso wa Oduduwa mwenyewe, wengine husema ni wa wafalme waliotangulia, wengine humtaja Obalufon, mfalme wa kale wa Ife anayeheshimiwa kwa ufundi wa shanga. Nyuso hazifanani na mtu fulani. Macho yametoka, mdomo umetulia. Mfalme anapovaa taji, nyuzi za ukingoni zinaufunika uso wake mwenyewe, na wanaobaki kukutazama ni hao wa juu. Yule mtu uliyemjua jana kwa jina lake la utotoni, mwenye kikohozi na mzaha, amefichwa nyuma ya kioo. Mwenye kuonekana ni ukoo. Sijui kazi nyingine ya mikono inayosema jambo hili kwa uwazi kiasi hiki: nyuzi chache tu zilizoachwa huru, zisishonwe, na mtu mmoja amekuwa wengi.

Ndiyo maana haki ya kuzivaa nyuzi hizo iligombewa. Mwaka 1903 ulizuka ugomvi kama Elepe, mfalme wa Epe, ana haki ya taji la shanga. Gavana wa Lagos, William MacGregor, akamwita Ooni, mfalme wa Ife, Olubuse wa Kwanza, aende Lagos kutoa kauli. Ooni kuondoka Ife lilikuwa jambo lisilosikika, na inasimuliwa kwamba wafalme wengine walitoka katika majumba yao hadi yeye arudi kwake. Kauli yake ilikuwa kwamba Elepe hana haki hiyo. Serikali ya kikoloni ililiona jambo hilo kuwa ni la itifaki. Kwa Wayoruba lilikuwa swali la nani ni mtoto wa nani.

Na katika miji kadhaa ya Ekiti na jirani zake, mfalme akifariki, kabla mrithi hajapatikana, binti yake hukalia kiti kwa muda. Huvaa kama mwanamume na huitikiwa kama mfalme. Mtu akiikumbuka nguzo ya Olowe, na yule mwanamke aliyesimama nyuma ya kiti, hashangai.

Wanaozifanya kazi hizi kwa desturi ni wanaume, na ufundi hukaa ndani ya familia. Efon-Alaaye, huko huko Ekiti, ni mji uliosifika kuliko mingine, na ukoo wa Adesina wa hapo umetoa mafundi kizazi baada ya kizazi. Iperu, upande wa Remo, nako kulikuwa na mafundi wake. Fundi wa zamani hakukaa nyumbani kungoja wateja. Aliitwa. Alifunga safari hadi mji wa mfalme aliyemhitaji, akapewa mahali pa kukaa ndani ya jumba, na akafanya kazi yake humo, kwa kuwa shanga zilikuwa mali ya mfalme na hazikutolewa nje. Mfalme angeweza kuagiza taji, viatu, kishikio cha mgwisho, mto wa kuwekea miguu. Hata sanamu ndogo za ere ibeji, zinazochongwa pacha anapofariki ili mama aendelee kumtunza, katika nyumba za kifalme zilivikwa vijoho vya shanga. Mkono ule ule uliomshonea mfalme ndege ulimshonea mtoto aliyekufa nguo.

Majina ya watu hao, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa. Kibao cha taji la Ogoga kinamtaja mfalme na miaka yake ya kutawala. Aliyelishona hatajwi. Olowe amebahatika zaidi, na bahati yake ilitoka nyumbani: alifariki mwaka 1938, na nusu karne baadaye, mwaka 1988, mtafiti John Pemberton III alimrekodi mmoja wa wajane wake, Oloju-ifun Olowe, akimsifu mumewe kwa oriki, yaani tungo za sifa, na humo akazitaja kazi zake na majumba aliyoyafanyia kazi. Mwanamke mmoja alimhifadhi mchongaji mkubwa katika kumbukumbu yake miaka yote hiyo. Natamani kwa dhati kwamba wapo wajane na mabinti wa watunga shanga waliokuwa na oriki kama hizo, na kwamba aliyepaswa kuwauliza aliwahi.

Kazi yenyewe haikufa. Wafalme bado wanavikwa taji, na mafundi bado wanaitwa, ingawa shanga sasa zinaweza kuwa za plastiki na fremu ikawa ya kadibodi. Wakati wa ukoloni yalizuka mataji mepesi ya kila siku yasiyo na nyuzi za usoni, mengine yakiigiza hata wigi la hakimu wa Kiingereza, kila mkunjo wa nywele ukiwa ni uzi wa shanga nyeupe. Wapo wanaoyacheka. Mimi naona ni kiburi cha fundi kilichowekwa mahali pake: hakuna umbo duniani asiloweza kulishona. Miaka ya 1960, huko Osogbo, Jimoh Buraimoh alizichukua shanga akaziweka ubaoni kuwa picha, na njia hiyo mpya ikafika mbali. Sanaa hiyo naipenda. Hata hivyo ubao ni tambarare, na ndege wa Buraimoh hana haja ya kujishikilia hewani.

Limebaki jambo moja kuhusu undani wa taji. Kabla halijavaliwa, waganga huweka dawa katika ncha yake, chini ya ndege, na tangu hapo mfalme hapaswi kutazama ndani. Akitazama, inasemekana atapofuka. Atalivaa miaka yote ya utawala wake bila kujua upande wa pili wa mshono ukoje. Mke wake mkubwa atalishika kwa mikono miwili akiwa nyuma yake. Waziri, mtumishi, balozi wa nchi ya kigeni, wote wataliona kwa nje. Fundi ndiye aliyeziona njiti zikiwa uchi, akajua ni wapi alitia kiraka, ni ndege yupi alimshona mara mbili kwa kuwa wa kwanza alilegea. Miaka ikipita uzi huoza na shanga huanza kudondoka, kwanza zile za ukingoni, kisha za mkia wa ndege. Hapo mjumbe hutumwa Efon, na anayekuja na sindano zake ni yeye, na kama ameshazeeka, mwanawe.